Sauti ya Pili

Temeke, Jumapili jioni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Mama yako hajambo, na mbuzi wetu amezaa mapacha. Unauliza kama nitaimba tena, sasa babu yako hayupo.

Enzi ya Mwingereza tulizunguka makanisani na gitaa lake. Mapigo aliyaiga kwenye santuri za wachunga ng'ombe wa Marekani. Maneno yalikuwa ya Injili. Yeye aliimba sauti ya kwanza, ndiyo inayobeba wimbo, mie ya pili. Siku moja kule Pugu sauti yake ikakauka kabisa.

"Leo mtatuimbia kwa ishara?" mzee wa kanisa akatutania.

Nilitaka kuichukua sauti ya kwanza. Babu yako akaninong'oneza, "Usihame, bibie. Imba yako."

Nikaimba ya pili peke yake, watu wakacheka, maana wimbo wenyewe haukusikika. Kisha mama mmoja muuza vitumbua akaidaka ya kwanza, na kanisa zima likamfuata. Babu yako akapiga gitaa huku akitabasamu.

Jumapili ijayo nitasimama, Neema. Nitaimba yangu, na ya babu yako nitaiacha wazi. Huko uliko, saa ya ibada, nikumbuke. Ukiweza, imba ya kwanza.

Bibi yako