Deraya Zilizobaki Merikebuni

Berlin, 12 Juni 1905

Ndugu yangu Hemedi,

Assalamu alaikum. Mimi ni mzima; je, kifua cha mama kimepoa?

Asubuhi nawafundisha maofisa Kiswahili, mchana nasoma historia. Sikia nilichokisoma! Hapo kale Wanorwei, Wazungu wa kaskazini, walikuwa mabwana wa bahari. Pwani ipi haikuwatetemekea? Mwaka 1066 wakashuka Uingereza na merikebu mia tatu. Jua lilikuwa kali, wakaziacha deraya zao, mavazi ya chuma ya vita, merikebuni. Wakashambuliwa darajani vifua wazi. Merikebu ishirini na nne zilitosha kuwarudisha waliosalia, na enzi yao haikuinuka tena. Siku moja, Hemedi! Nani basi amekuambia kwamba Mdachi, huyu Mjerumani anayetutawala, ni wa milele?

Kaka yako,
Azizi

Baleni, Mafia, 20 Agosti 1905

Shikamoo kaka,

Mama hajambo. Anasema ule, usisome tu. Barua yako niliisoma barazani, vijana wakacheka: "Azizi anakula viazi vya Mdachi na mkono anauuma!"

Kaka, bara kunawaka. Matano, yule jirani yetu, ametoka Rufiji na dawa: maji, ukiyanywa risasi hazikuingii. Sisi hatutafanya kosa la Wanorwei. Deraya yetu hatuiachi chomboni, tumeinywa.

Mama amenikatalia radhi. Lakini wewe ndiye uliyeshika mahali pa marehemu baba, nami barua yako nimeihesabu kuwa radhi. Kesho mimi na Matano tunavuka kwenda Rufiji vitani.

Mdogo wako,
Hemedi

Berlin, 28 Septemba 1905

Hemedi,

Salamu yangu ni moja: u hai? Maji si chuma! Nimeiona hapa bunduki inayojilisha risasi yenyewe, ilikata mti. Nilikupa historia, sikukupa radhi. Na kama mahali pa baba ni pangu, basi kutoka hapo nakuamuru: rudi kwa mama!

Kaka yako,
Azizi

Berlin, 3 Desemba 1905

Mdogo wangu,

Salamu zikufikie popote ulipo. Mama ameniandikishia maneno machache: Matano amerudi peke yake, na akiulizwa habari zako huinama.

Jana tuliwaaga maofisa wawili wanaokuja Rufiji kuwasaka waasi. Mmoja, kijana mcheshi, akanishika mkono. "Mwalimu, kama una ndugu kule, nipe jina lake nimpelekee salamu." Kiswahili chake kilikuwa safi, mimi ndiye niliyemfundisha.

Nikamjibu kwamba sina ndugu.

Kaka yako,
Azizi