Sare ya Kijani

Jumatatu, 4 Agosti

Stoo nimefunga kwa wakati. Saruji sawa, nondo sawa, misumari imepungua, nimeripoti. Foleni kutoka Kipawa hadi Tandika. Nimefika Mama ameshakula, ameniwekea ugali na dagaa chini ya kawa.

Sare za mkutano wa ukoo zimeletwa na bodaboda kutoka Mbweni, kwa Mjomba Leonsi. Kitenge kizito, kizuri. Cha kijani. Mama amekitandaza kitandani akakipapasa hadi kwenye pindo.

Kwenye grupu la ukoo kuna ujumbe wa kamati. Watoto, wajukuu na vitukuu wa Mzee Severini watavaa bluu. Wakwe, majirani na marafiki watavaa kijani. Watakuwa wamekosea kufungasha. Mama ndiye mtoto wa kwanza wa Mzee Severini, kaka na dada zake wote wanamwita Dada Mkubwa. Kesho nitapiga simu.

Jumatano, 6 Agosti

Jana Mjomba hakupokea. Leo amepokea. Kaniuliza habari za kazi, za foleni, za bei ya nondo. Nikamwambia kuhusu kitambaa. Akasema ni rangi tu, mjomba, tusigombane kwa ajili ya rangi. Nikamwambia basi tubadilishiwe kama ni rangi tu.

Hapo ndipo aliponiambia. Bibi aliolewa na Babu akiwa na Mama mgongoni. Mama hajaanza hata kutambaa. Baba yake mzazi ni mtu mwingine kabisa, na hajulikani aliko. "Mama yako anajua," akasema. "Muulize."

Nina miaka arobaini na saba. Mbinga kwa Babu nimekwenda mara nyingi, nimelala nyumba ile, nimechuma kahawa ile. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Sijamuuliza Mama.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimempeleka Mama kwa fundi. Anataka gauni la mikono mirefu na kilemba. Fundi akamsifia kitambaa. Mama akamweleza kwamba wenzake wote watavaa bluu, ila yeye kapewa rangi yake peke yake kwa kuwa ni mkubwa wao. Kasema hivyo kwa sauti ya kawaida, huku kanyoosha mikono apimwe.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitakiwa kusema. Nikatoka nje nikajifanya napokea simu.

Ujumbe wa kamati hajausoma, habari ya bluu kaisikia tu kwa watu. Simu yake ni ya kitochi.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nimempigia Mama Mdogo Theresia. Huyu ndiye anayemfuata Mama kwa upande wa wasichana, Mama alimlea kama mwanawe. Nikamwomba kitambaa cha bluu, hata kipande cha kilemba tu. Anasema kimeisha. Anasema nisilikuze jambo, ni shughuli ya siku moja, watu watakula, watapiga picha, wataondoka.

Mchana nikaenda Kariakoo kutafuta. Bluu zipo za kila namna, lakini chapa ile haipo. Nimerudi mikono mitupu.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama anafanya mazoezi ya maneno ya kufungua. Kila mkutano wa ukoo mtoto wa kwanza ndiye husimama wa kwanza, anataja jina la Babu na la Bibi, kisha anaita wadogo zake mmoja mmoja kwa mfuatano wa kuzaliwa. Tangu Babu afariki huu ni mkutano wa kwanza. Mama anarudia majina jikoni huku anapepeta mchele.

Nitamwambia kesho.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijamwambia.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kwa sababu nimezoea kuandika. Sina hamu.

Mbweni kwa Mjomba kuna uwanja mkubwa, wamefunga turubai. Ndizi nyama, pilau, soda za kumwaga. Watoto wengi ambao siwajui, wote bluu. Shikamoo zikamchosha Mama kuitikia. Alifurahi. Nalazimika kuliandika hilo, kwamba kwa muda ule alifurahi.

Binamu yangu mmoja, mtoto wa Mjomba, akanipiga begani. "Braza, mbona nyie mmekuja na jezi ya ugenini?" Meza nzima ikacheka. Mama naye akacheka, hakuelewa.

Walimkodi mshereheshaji, kijana mwenye miwani ya jua. Akatangaza kwamba tunaanza na watoto wa Mzee Severini, kwa mfuatano wa kuzaliwa, na mtoto wa kwanza asimame.

Mama akasimama. Upande wa pili wa turubai Mjomba Leonsi naye akasimama.

Wakabaki wamesimama wote wawili. Kijana akamtazama Mjomba, akamtazama Mama, akatazama gauni lake. Akasema kwenye kipaza sauti, kwa adabu kabisa: "Bibi yangu, kaa kwanza kidogo. Wakwe na majirani watafuata."

Kuna waliocheka wakidhani bibi hasikii vizuri. Mama Mdogo Theresia alikuwa karibu, akamvuta gauni taratibu ili akae.

"Leonsi," Mama akasema. Jina tu, kama anavyomwita aje kula.

Mjomba akapokea kipaza sauti. Akaanza kuzungumzia umoja wa ukoo.

Mama akakaa. Mie nilikuwa nimekaa muda wote. Sikusimama, sikusema.

Walipoitwa wakwe na majirani, Mama hakusimama. Nami sikusimama. Hatukuwa popote.

Ikafika picha ya ukoo. Bluu wote wakajipanga kwenye ngazi za nyumba. Binamu yule yule akaniletea simu. "Tupige basi wewe, braza, si uko pembeni?" Nikaipokea. Nikawaambia waliosimama nyuma wasogee kati. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nimepiga picha nzuri, wote wanaonekana.

Jumapili, 17 Agosti

Mama hakwenda kanisani. Tangu nimfahamu hajawahi kukosa misa akiwa mzima.

Mchana kaniambia mwenyewe, bila kuulizwa. Alijua tangu msichana. Bibi alimwambia, kisha akamwambia asilirudie kwa kuwa limekwisha. Babu hakuwahi kulitaja. Babu ndiye aliyekaa kikao na upande wa baba yangu. "Alipokea mahari yangu," akasema. "Angepokeaje mahari ya mtoto wa mtu?"



Babu alipopooza, Mama aliacha genge lake la mboga hapa akaenda Mbinga kumwogesha hadi alipofariki. Leonsi alikwenda kuzika.

Nikamuuliza kama alielewa maana ya kijani kabla ya jana. Akasema hapana. Halafu akaniuliza mimi je. Nikamwambia ndiyo.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akainuka akaenda kulala.

Kwenye grupu picha zinamiminika. Familia kwanza. Damu yetu moja. Mjomba kaandika kuwashukuru wageni wote kwa kufika, na katika wageni kamtaja Mama: "dada yetu Bibiana wa Tandika".

Jumatano, 20 Agosti

Mjomba kapiga simu wakati napokea mzigo wa mabati. Sauti ya upole. Anasema asieleweke vibaya, Dada wanampenda sana. Ila mwezi wa kumi wanagawana shamba la kahawa, na mwanasheria kashauri mambo yawe wazi mapema, mbele ya watu, yasije yakachanganyika.

Kumbe ni shamba. Mama hajawahi kuliulizia hata mche mmoja.

"Angeombwa angewaachia," nikamwambia. "Mngemwomba tu."

Akasema, "Mjomba, ukoo ni mkubwa, huwezi kumwomba kila mtu."

Nikakata. Nikatoka kwenye grupu. Namchukia. Nimeandika na sitafuta. Najichukia pia, maana yeye alimuumiza Mama siku moja, mie nilikaa na siri yao nyumbani zaidi ya wiki nzima nikimpa Mama chai asubuhi.

Jumamosi, 23 Agosti

Mama Mdogo Theresia kapiga, anataka kuzungumza na dada yake. Mama alikuwa kaketi mbele yangu anachambua maharage. Akatikisa kichwa. Nikasema amelala. Theresia akalia. Akasema angeweza kumpa kipande cha kitambaa chake, tatizo aliogopa kaka yake. Mama alikuwa anasikia, simu ilikuwa na sauti kubwa. Akaendelea kuchambua.

Jumanne, 26 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini. Nimempeleka Mama zahanati, presha imepanda. Asubuhi ya baridi kidogo, watu wachache.

Nesi binti mdogo, mchangamfu. Akamwamkia, akamuuliza majina yake matatu.

"Bibiana," Mama akasema.

Nesi akangoja, kalamu mkononi. Nikafungua mdomo nimtajie yaliyobaki, la Babu likiwa la kwanza. Mama akaniwekea mkono gotini.

Nesi akaandika hilo moja. Tukaenda kukaa kwenye benchi.