Jina Nililomwandikia Mwende

Kitui, Jumatano, Oktoba 1986. Jua limewaka tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka ndani ya taipureta.

Naogopa. Wacha niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Mwezi huu serikali imetuagiza tuandikishe vijana wote wanaolala sokoni. Wenye kwao warudishwe kwao, wasio na kwao wapelekwe shule ya bweni ya serikali. Mimi ndiye karani wa fomu. Nilijisifu sana kwa kazi hii, hata kanisani niliisema.

Wiki jana alikuja Mwende, msichana wa miaka kumi na mitano. Nilipomuuliza jina la baba, akasema niandike Kasyoka, jina la mwanamke. Nilielewa mara moja. Kasyoka hakujaliwa mtoto, basi akamtolea mahari mama yake Mwende ili amzalie watoto wa jina lake. Sisi Wakamba mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Sasa Kasyoka amekufa, na mama pia.

Ningeandika alivyosema. Lakini niliona afisa wetu wa watoto atacheka, nikatafuta mwanaume. Nikauliza kama Kasyoka aliacha shemeji. Akanitajia Mutua wa Matinyani. Nikaandika: Mutua, mlezi. Sikuuliza lingine.

Leo mchana afisa amewasomea vijana orodha ya wanaorudishwa kwao. Mwende akaja dirishani kwangu. Hakulia.

"Auntie, huyo Mutua ndiye alituchomea nyumba. Alisema mtoto wa iweto hana shamba hapo, na akiniona tena ataniua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Lori la kuwarudisha kwao linaondoka kesho saa moja asubuhi. Orodha imeshatiwa sahihi, na mkuu wa wilaya anakuja kuwaaga vijana. Mimi ni kibarua tu, na afisa wetu hapendi kuonyeshwa kosa. Mara mbili nimefika mlangoni pake nikarudi. Mara ya pili nilisingizia nataka karatasi ya kaboni.

Lakini si kazi peke yake ninayoihofia. Ataniuliza, kama ulielewa, mbona uliandika Mutua?

Kwa sababu mama yangu pia ni iweto.

Tangu shule ya msingi, fomu zangu zote zina jina la mwanaume niliyemtunga mwenyewe. Nimeuzoea uongo huu mpaka nikamwandikia mtoto wa watu, na sasa uongo huo unaweza kumuua.

Afisa anakaa nyuma ya kanisa, si mbali. Nimeshavaa viatu. Nitamwambia yote, na la mama yangu pia. Akinifukuza, anifukuze, mradi Mwende asipande lile lori.

Mungu wangu, nimkute nyumbani. Nikirudi hapa bila kusema, najijua, sitatoka tena.