Taa ya Samaki wa Zainabu

Jumatatu, 2 Juni 2014

Nimebadilisha maji ndoo mbili, nimesafisha pampu ya hewa, nimekaa kwenye cherehani saa tatu asubuhi badala ya saa mbili. Wateja wamenuna. Wanune. Samaki sita wa ziwani wamemaliza wiki sebuleni kwangu, hapa Kasulu, na hakuna aliyekufa.

Leo nimewafungia taa juu ya tangi. Zile za mkanda wanazopambia bodaboda, zinawaka kwa betri ya sola. Muuza vipuri kaniambia, "Mzee, bluu ndiyo habari ya mjini." Nikachukua bluu. Sebule imependeza ajabu.

Mke wangu Zainabu ametazama, akasema, "Vizuri." Kisha akageukia mlango.

Jumanne, 3 Juni

Ile "vizuri" siipendi. Nimeshona nguo miaka thelathini. Mteja akisema "vizuri" ya namna ile, harudi.

Niandike ukweli, humu hasomi mtu. Zainabu ni mzaliwa wa Ujiji, kando ya ziwa. Tangu avunjike mguu anashinda kwenye kiti chake, kimeelekea mlangoni, barabara ya Kigoma inaonekana. Kaka yake Hamisi, aliyetuletea samaki kwenye dumu, anakuja tena tarehe 14 kumchukua akauguzwe kwao. Mpaka lini, hawasemi. Naogopa akiliona ziwa hatarudi. Ndiyo maana niliagiza samaki.

Alhamisi, 5 Juni

Nimejaribu nyekundu. Bucha tupu. Kijani: nimeizima hata chai haijapoa.

Zainabu anasema samaki hawa kwao ni wa njano, wana milia myeusi. Wangu ni wa kijivu, wamejibanza nyuma ya jiwe.

Jumapili, 8 Juni

Nyeupe. Mikanda mitatu kwa pamoja. Nilidhani mwanga mwingi utaitoa rangi. Wamepauka zaidi na wamegoma kula. Nimemkasirikia muuza vipuri, nimemkasirikia Hamisi, nimeikasirikia hata betri.

Zainabu ameanza kukunja khanga zake. Nami chakula hakipiti.

Jumanne, 10 Juni

Mama mmoja wa Kagerankanda ameleta lesi ya harusi ya binti yake, ina maua ya dhahabu. Nikaiwekea bitana nyeupe kwa ndani. Maua yakapotea. Nikaweka nyeusi, yakachomoza yote. Mama anafurahi, mimi nimesimama na mkasi mkononi, nimeduwaa.

Ukuta nyuma ya tangi ni chokaa tupu. Mchanga ndani nao mweupe. Siku zote nahangaika na taa, kumbe kilichoharibika ni bitana! Na mimi ndiye fundi.

Nimefunga kazi mapema. Nimebandika bitana nyeusi nyuma ya kioo, nimetoa mchanga, nimeweka kokoto nyeusi. Taa nimeacha mkanda mmoja mweupe. Samaki wametulia. Rangi bado.

Ijumaa, 13 Juni

Nimerudi kutoka msikitini nikakuta wawili wana njano. Njano hasa, ya kiini cha yai la kienyeji. Wamekula. Nimecheka peke yangu.

Zainabu alikuwa amelala, sikumwamsha. Begi lake limefungwa, liko mlangoni.

Jumamosi, 14 Juni

Hamisi amefika saa nne. Zainabu akashika fimbo yake aage samaki. Akainama kwenye kioo, akakawia. Wote sita wa njano, milia imetoka waziwazi. Mmoja anawafukuza wenzake. Zainabu akamwita mgomvi, akasema ndio hawa hawa waliokuwa wakidonoa sufuria zao zikioshwa ziwani, miambani, alipokuwa mtoto.

Akamgeukia kaka yake. "Hamisi, nenda tu. Mimi nitakuja kukaa siku mbili tatu, Ramadhani ikiisha. Nikiwaacha sasa, huyu Baba Mwajuma," akaninyoshea fimbo, "atawalisha nyuzi."

Hamisi alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikwenda jikoni kuchemsha chai ambayo ilikuwa imeshachemka. Nilikuwa nalia, basi.

Jumapili, 15 Juni

Maji ndoo mbili. Pampu safi.

Nilitoka kununua uzi mweusi. Kurudi, kiti cha Zainabu hakipo mahali pake. Amekivuta mwenyewe, na mguu ule. Sasa kimeelekea tangi, mlango uko nyuma yake.

Nimechukua kigoda, nimekaa pembeni yake.