Mudomo ya Pili ya Karburatere

Jumatatu, tarehe 7, mwezi wa kumi

Tangu asubuhi nachagua tomati. Kapu mbili ni za kutupa. Ijumaa, Nsimire akitoka Kamanyola, gari ilizimika mara tatu ku mupando ya mulima Ngomo. Tomati zikapikika na jua humo ndani. Mutoto wangu wa kike, miaka makumi mbili na tatu, peke yake kwenye ile barabara. Shimo huku, malori huku. Nilishika rozari mpaka vidole vikauma.

Tangu tansyo, presha ya damu, ilipiga bwana yangu, Papa Nsimire, na kumukata nguvu ya mukono na muguu ya kuume, Nsimire njo anaendesha. Analeta tomati, mimi nauza ku soko. Nyumba nzima inakula sababu ya ile gari. Ni gari ndogo, motere ya silindre ine, muzee kupita Nsimire mwenyewe.

Fundi Cirhuza alifungua leo. Anasema kama karburatere, chombo ya kuchanganya mafuta na hewa, imekwisha, imekulika ndani, inavuta hewa yenye haikuitwa. Haitengenezeki tena. Tuchague ingine, na safari hii yenye nguvu.

Karburatere nilijua jina tu. Leo nimeishika. Nzito kama jiwe ya kusagia pilipili.

Jumatano, tarehe 9

Kuko tatu za kuchagua.

Ya kwanza ni mupya, mudomo moja ya kuvutia hewa, sawa na ile ya zamani. Ya pili ilitoka mu gari ingine ya Ulaya, ikapitia Bujumbura. Imetumika lakini nzima. Midomo mbili. Ya tatu ni mawazo ya kaka yangu wa Kamituga. Anasema kama kule karburatere za pikipiki ziko nyingi, atatuma mbili, tuziweke bega kwa bega. Nsimire alicheka mpaka akakaa chini.

“Maman, tutakuwa na pikipiki mbili zenye kuvalishwa kabati.”

Yeye anataka ya midomo mbili. Fundi alinielezea kama mutoto wa shule. Ukienda bila haraka, mudomo moja inatosha, inakunywa mafuta ya esansi kidogo. Motere ikivuta kwa nguvu, ya pili inafunguka yenyewe, na gari inapata pumzi. Macho ya Nsimire yaling’aa.

Mimi nilisikia neno moja tu: mbio. Ile njia naijua. Kona ziko na misalaba.

Ijumaa, tarehe 11

Sijachagua. Fundi ameuliza mara mbili.

Ya mudomo moja itachoka mu mupando na kurudi nyuma na mutoto wangu ndani. Ya midomo mbili itakimbia naye mpaka shimoni. Nikikimbia hii, naangukia ile. Sombe ya majani ya muhogo niliitia chumvi mara mbili, hakuna mwenye alikula.

Nilienda kuuliza Papa Nsimire. Maneno haimutoke vizuri, lakini masikio yake iko nzima, na ile gari anaijua kwa sauti. Alinyoosha vidole viwili. Nilifanya kama sikuelewa. Nikamuletea viazi viwili. Alivisukuma. Akanyoosha vidole tena.

Nilitoka inje. Kudanganya mugonjwa. Nimekuwa mutu gani?

Jumamosi, tarehe 12

Nimechagua. Mbele ya wote nilisema: midomo mbili. Nsimire alinikumbatia, akanipaka grisi ku shingo. Papa Nsimire alitabasamu na ile nusu ya uso yenye inasikia.

Kisha Nsimire akaenda kutafuta esansi. Nikabaki na fundi. Nikamuomba afunge ile mudomo ya pili.

Alifikiri namutania. “Maman, ni kama kununua mbuzi ya maziwa na kuifunga chuchu.”

Nikamuambia kama yeye angekuwa na mutoto mumoja tu kama mimi, angenielewa. Nilimusumbua sana. Mwishoni alitoa waya ndogo, akaifunga, akafunika filtre ya hewa juu. Hakuna mwenye ataiona. Alisema hatasema kitu, lakini Nsimire akimuuliza, hatamudanganya. Kisha akanawa mikono muda murefu, bila kuniangalia.

Nimetulia. Kidogo.

Jumapili, tarehe 13

Baada ya misa, padri alibariki gari mu lupango, ndani ya uzio ya kanisa. Maji ku kapo, kifuniko ya motere, maji ku viyo ya madirisha, maji ku mikono ya Nsimire. Aliomba Mungu alinde huyu binti na kila kitu chenye kiko mu hii motere.

Kila kitu. Niliangalia viatu vyangu.

Jumatano, tarehe 16

Nsimire alifika saa kumi kutoka Kamanyola. Gari haikuzimika hata mara moja. Asante Maria.

Lakini hana furaha. Anasema kama gari haina nguvu ku mupando, malori inamupigia honi nyuma. Papa Nsimire alisikiliza motere kupitia dirisha, akatikisa kichwa. Mimi niliingia jikoni.

Alhamisi, tarehe 17

Leo Nsimire alipanda mulima ya kwetu mara sita. Anabadilisha vitesi, zile gia, mapema, anabadilisha kwa kuchelewa, anashuka, anaanza tena. Vijana wenye kukaa ku kona walimuchokoza: “Dada, shuka uisukume, utatangulia.” Watu walicheka. Yeye hapana.

Haendi kumuuliza fundi. Anaamini kosa iko mu muguu yake.

Jioni alikaa karibu yangu jikoni. “Maman, labda mimi sijui. Labda tutafute dereva mwanaume.”

Ilikuwa saa yangu ya kusema. Nikamumiminia chai.

Niko mama mubaya. Naandika vile iko.

Jumamosi, tarehe 19

Nilienda naye Kamanyola. Nilisema nataka kuchagua tomati mwenyewe. Uongo ingine. Nilitaka kuona.

Kushuka, vizuri. Anaendesha vizuri huyu mutoto. Anaona shimo kabla yangu, mimi mwenye kuitafuta. Tulipakia tomati na mifuko mbili ya muchele, gari ikainama nyuma.

Kupanda Ngomo tulikuta lori yenye imepakia mbao. Inatembea kama mwenye kuumwa magoti. Moshi yote kwetu. Nsimire alingoja nafasi ndefu, njia wazi, akapiga honi, dereva akatoa mukono ya kutuita. Tukatoka pembeni kuipita. Niliona muguu yake inasukuma pedali mpaka chini. Chini kabisa. Gari ikaunguruma na haikuongeza kitu. Tukabaki kando ya ile lori, bega kwa bega, upande wangu magurudumu, upande wake shimo. Na juu, mu kona, ikatokea lori ingine inashuka.

Sikuomba. Sikuita Maria. Nilifikiri: waya.

Nsimire alikanyaga freni, akaiacha ya mbao itangulie, akaturudisha nyuma yake. Ile ya kushuka ilipita na upepo yake. Labda mita mbili. Labda chini ya hapo.

Alisimamisha pembeni, akaweka jiwe chini ya gurudumu vile baba yake alimufundisha. Kisha akarudi, akakaa, akashika usukani bila kuendesha.

“Maman, unisamehe. Kidogo nikuue.”

Hapo sikuweza tena.

“Mudomo ya pili iko imefungwa,” nilisema. “Mimi njo niliifungisha.”

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alichukua kisu yangu ya tomati, akafungua kapo, akatoa filtre. Nilisikia waya inakatika. Tukapanda. Gari ilivuta kama ingine kabisa, na Nsimire hakuikimbiza. Aliangalia barabara tu, mpaka nyumbani.

Jumapili, tarehe 20

Ananijibu kama vile wanajibu mugeni. Ndiyo maman. Asante maman.

Nilimuambia Papa Nsimire yote. Nilifikiri atalia, ama atanifukuza na macho. Alitafuta maneno muda murefu. Nikamupanguza mudomo.

“Nani... aliirudisha nyuma ya lori?”

Nikamuambia ni Nsimire.

“Njo maana muko hapa.”

Mimi nilikuwa nahesabu dhambi yangu tu. Hiyo sikuiona.

Jumatatu, tarehe 21

Nilimukuta Nsimire anafua. Nikainama kwenye beseni, nikashika upande ingine wa shuka, tukakamua pamoja. Nikamuambia kama neno ya kutafuta dereva mwanaume isitajwe tena mu hii nyumba. Nikamuambia ningekuwa na dereva ingine Jumamosi, baba yake angekuwa mujane.

“Nimesikia, maman.”

Ni hivyo tu. Shuka ilikauka haraka.

Jumatano, tarehe 23

Ukungu juu ya ziwa. Nsimire amewasha gari saa kumi na mbili.

Kila safari, tangu anaendesha, namuambia mulangoni: polepole. Leo nilijizuia. Nilisimama na mukono ku mudomo. Alirudi kinyumenyume mpaka barabarani, akanyoosha magurudumu. Hakuondoka. Motere inazunguka, yeye anaangalia mbele. Nilifikiri kuna kitu amesahau. Kisha akashusha kiyo na kunitazama.

Anangoja.

“Polepole, mama yangu,” nilisema.

“Ndiyo, maman.” Akaenda.

Maharagi iko ku makala. Papa Nsimire amelala tena. Nsimire atafika saa kumi. Ama saa kumi na moja.