Niliandika Kwamba Tusekile Hafundishiki

Masukulu, Rungwe
Jumapili, 7 Novemba 1999

Mama Prisca, shikamoo. Nimeusoma ukurasa wako miaka mingi nikitikisa kichwa kwa matatizo ya wengine, leo ni zamu yangu, nisaidie.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka thelathini na tisa, nilimaliza kidato cha nne, na tangu usichana naandika shajara, tarehe na hali ya hewa juu ya kila ukurasa, kwa sababu marehemu baba alikuwa akipima mvua kwenye shamba la chai na alituzoesha hivyo, kwa hiyo haya ninayokueleza ninayo hapa mezani. Jina la mtoto nimelibadilisha.

Jumatatu 17 Januari 1994 niliandika: "Ukungu hadi saa nne. Wapya arobaini na wawili. Mmoja, Tusekile, ana adabu kuliko wote." Alikuwa anakaribia miaka saba. Alipiga goti akatazama chini, hakumtazama mtu usoni, hakumjibu mkubwa neno, na sisi huku msichana wa hivyo tunampongeza mama yake, basi tukampongeza, wala hakuna aliyejiuliza mbona hakuwatazama hata watoto wenzake. Nikiukumbuka mwaka ule moyo unalegea, lile darasa letu la matofali mabichi na paa la nyasi, mvua inanyesha tangu asubuhi na sisi ndani tunaisikia kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili, sweta za mitumba zinanuka moshi, na Tusekile kwenye kona yake anapanga vizibo vya soda kwa rangi, mistari iliyonyooka kuliko ya rula yangu, huku anaimba jedwali la mara mbili bila kukosea. Sijapata tena darasa tulivu kama lile.

Februari 1995 wazazi walichanga tukaezeka bati, tukapiga vigelegele. Jumanne 18 Aprili nimeandika: "Mvua kubwa. Tusekile amepiga kelele, amejiuma mkono, amepindua dawati." Ikawa hivyo mara kwa mara, nikamchapa nikidhani ni ukaidi, akazidi, na Alhamisi 2 Mei 1996 aliniuma hata mimi akakimbilia migombani, ndipo wiki iliyofuata nikamwandikia mwalimu mkuu barua kwamba mtoto huyu ni hatari kwa wenzake na hafundishiki, akaondolewa. Mama yake aliambiwa kwamba ni uamuzi wa ofisi. Mpaka leo hajui kwamba barua ni yangu, tukikutana njiani ananishika mikono miwili kunishukuru, "Ndaga, mwalimu, wewe ndiye uliyempenda mwanangu," na ndizi ananiletea.

Julai mwaka huu nilipelekwa mafunzo ya wiki sita ya kufundisha watoto wa namna hii, ndiko nilikolisikia neno usonji kwa mara ya kwanza. Mkufunzi alitwambia kila mmoja amfikirie mtoto aliyemshinda, kisha akauliza swali moja tu, kabla hajapiga kelele kulitokea nini. Niliporudi nyumbani nikafungua shajara. Siku za vurugu ni ishirini na tatu, siku ishirini na moja juu ya ukurasa nimeandika mvua, na mbili zilizobaki mafundi walikuwa wakipigilia misumari kwenye paa la ofisi. Nililia, Mama Prisca, maana jibu lilikuwa kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nilipowaendeshea wenzangu semina, Mwalimu Lusungu alisema, "Kumbe wiki sita umekula wali wa serikali uje kutuambia mvua inapiga kelele!" Walicheka mpaka chai ikamwagika.

Sasa shule moja mjini inafungua darasa maalumu Januari, na wanapokea ambao hawajatimiza miaka kumi na tatu. Tusekile anatimiza Februari, nafasi nyingine hana, yuko nyumbani tu, mvua ikianza anakaa kwenye jiko lao la nje, lile la nyasi ambalo mama yake amekataa katakata liezekwe bati. Fomu inataka maelezo ya kwa nini aliacha shule, mzazi asomewe, aweke dole gumba, ifike kabla ya tarehe 30. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Ackson, ananiambia, "Barua gani? Mchwa wamekula mafaili mengi humu. Andika aliugua, mtoto aende shule, yaishe." Nikiandika ukweli mama atausikia, na aliwahi kuniapia kwamba akimjua aliyemfukuza mwanawe, hatamkabidhi kwa mwalimu yeyote tena. Nikinyamaza mtoto anapata darasa. Nikisema huenda anakosa. Nifanye nini?

Mwalimu wa Masukulu

MAMA PRISCA ANAJIBU

Marahaba, mwalimu. Futa machozi tuzungumze.

Ulikosa kama walivyokosa wengi. Chuoni hukufundishwa, darasani walijaa arobaini na wawili, na hata neno lenyewe hukuwa nalo. Hilo nalielewa. Fimbo siielewi. Mtoto anajiuma mkono kwa maumivu na wewe unamwongezea mengine! Shajara yako iandike na hilo.

Sasa mchwa wa Mwalimu Ackson. Unasema ukinyamaza mtoto anapata darasa. Darasa lipi? La nyasi? Hilo jipya limeezekwa bati, naapa bila kuliona. Januari huko kwenu mvua inanyesha. Mwalimu mpya atapewa msichana wa karibu miaka kumi na tatu "aliyeugua", siku ya tatu dawati litapinduka, na atakaa kuandika barua kama yako. Ukiificha barua umeficha na siku zako ishirini na tatu, na hizo ndizo anazozihitaji mwalimu yule kuliko chaki. Usijidanganye kwamba unamlinda Tusekile. Unalinda ndizi.

Halafu nisikilize kwa makini. Kwa nini mama yule amekataa jiko liezekwe bati? Umeliandika kwa mkono wako ukalipita. Anajua, mwalimu! Amejua miaka yote, bila semina na bila wali wa serikali. Mlimwita shuleni kumwambia mwanawe ameshindikana, hakuna aliyemuuliza nyumbani anamtulizaje. Lusungu akicheka tena, mpeleke akakae kwenye jiko lile mvua ikinyesha, kisha arudi darasani kwake asikilize. Semina yako ijayo aiendeshe mama huyo, wewe kaa mbele na kalamu.

Nalijua pia lile darasa tulivu unalolililia. Hata mimi nilifundisha chini ya nyasi, nikiandika haya naisikia harufu yake. Lakini utulivu ule haukuwa adabu ya Tusekile wala ufundi wako. Ulikuwa paa. Likumbuke kwa hilo.

Fanya hivi. Nenda Jumamosi hii asubuhi, kabla mama hajatoka kwenda sokoni. Nenda peke yako, usibebe sukari wala khanga, asije akadhani unamnunua. Kabla hujakaribishwa kiti sema: "Mimi ndiye niliyeandika barua iliyomwondoa Tusekile." Usianze na mafunzo, usianze na mwalimu mkuu. Akikufukuza, toka. Rudi Jumatatu, rudi Jumatano. Ukimkimbia kwa kuogopa hasira yake, tarehe 30 itawapita wote wawili.

Akikusikiliza, msomee siku zako, kisha muulize yeye anafanyaje, uandike anavyosema. Kwenye fomu eleza kwamba barua ya 1996 uliiandika wewe na unaifuta, na nyuma yake ambatanisha karatasi moja: kinachomuumiza mtoto, kinachomtuliza, nani alikuambia. Jina la mama litangulie lako. Na kabla hajaweka dole, mpelekeni Tusekile mjini siku ya mvua, akaingie darasa lile kwa miguu yake. Akishindwa, mdai mkuu wa shule ile dari au chumba cha pembeni sasa, kabla hajaandikishwa.

Huenda mama asikusamehe. Ana haki, miaka mitatu si michache, na usimsumbue kwa hilo. Huendi kuomba msamaha, mwalimu, unakwenda kuomba mtoto. Ukirudi na fomu yenye dole gumba na bila urafiki, umerudi na ulichofuata.