Taa Zangu za LED na Macho ya Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na naomba unisome mpaka mwisho bila kunikatia njiani kama mke wangu anavyofanya, maana mimi ni mtu mwenye heshima zangu, napima macho na kutengeneza miwani katika duka langu mwenyewe karibu na stendi, silewi, sina mchepuko, watoto wanakula na kuvaa, na kosa langu pekee katika ndoa hii, kama ni kosa, ni kupenda gari langu lipendeze.

Gari lilikuja na taa zake za kizamani, mwanga wa njano, kibatari kabisa, ukiziwasha unashuka kwanza kuhakikisha kama zimewaka, nikasema hapana, mtu wa macho hawezi kuonekana na taa za namna hii, nikanunua balbu za LED, zile nyeupe zinazoelekea ubuluu, na mduara wa kuzungushia kila taa, na ukanda wa bluu wa kubandika chini ya bampa, nikazifunga mwenyewe Jumamosi nzima huku naangalia video kwenye simu, na kwa kweli haikunishinda, ila mwishoni yule jamaa wa kwenye video alianza hadithi ndefu ya kusimamisha gari mbele ya ukuta ili upime mwanga unaangukia wapi, mimi nikaona taa zimeshawaka, cha kupima nini tena, nikamzima. Taa ya kushoto peke yake ndiyo iliyonisumbua, ilikataa kukaa kwenye tundu lake, nikaikaza kwa gundi na kamba ya plastiki, ikatulia, ila inaangalia juu kidogo, nikipita mtaani inamulika madirisha ya ghorofani, na jirani wa huko juu ameweka mapazia mazito, nadhani ni wivu tu.

Mshauri, sipendi kujisifu, lakini tangu siku hiyo barabarani naheshimiwa. Kila gari ninalokutana nalo jioni linanipigia taa, madogo kwa makubwa, hata malori, wananisalimia, na kwa kuwa mimi sina kiburi namjibu kila mmoja, nawasha fulu, ule mwanga mkali wa mbali, na ile bluu ya chini, na wengine hufurahi mpaka wanapiga honi na kutoa mkono dirishani. Mke wangu ndiye asiyefurahi, aliponiona nazifunga alisema, "Baba watoto, hilo ni gari au ukumbi wa harusi?" na tangu hapo akipanda anakaa kiti cha nyuma na kujifunika mtandio usoni.

Sasa shida yenyewe ni mama yake. Mama mkwe ni mkunga mstaafu, mjane, ana kigari chake kidogo cheupe ambacho hataki mtu mwingine akiguse, na japo amestaafu, wajawazito wa mtaani kwake bado wanamgongea mlango na yeye ndiye anayewakimbiza hospitali. Wiki iliyopita jua lilipozama nilikuwa natoka dukani, napita ile barabara nyembamba ya kiwanda cha mbao, mbele yangu kikatokea kigari kikanipigia taa, kikanipigia tena, nikasema huyu leo amenipenda, nikamjibu kwa fulu na bluu na kila kitu nilicho nacho, basi yule dereva kwa adabu ya ajabu akasogea pembeni kabisa kunipisha, mimi nikampigia honi ya asante nikaenda zangu. Nafika nyumbani, sijavua hata viatu, simu ya mke wangu inalia, mama ameingia mtaroni na gari lake karibu na kiwanda cha mbao, amevunjika mkono.

Nilimfariji mke wangu vizuri tu, nikamwambia mimi nimepita palepale sasa hivi na barabara haikuwa na hatari yoyote, ilikuwa inaonekana kama mchana, nikamsimulia na habari ya yule dereva mwenye adabu ili kumwondolea mawazo. Aliniangalia, akaingia chumbani, akafunga begi, akachukua watoto, na kabla ya kutoka akaniwekea mezani zile balbu za njano ambazo nilishampa azitupe, sijui alizihifadhi za nini, akasema, "Mimi na wanangu hatupandi gari lako wala hatulali nyumba hii mpaka uzitoe hizo taa zako." Yuko kwa mama yake mpaka leo, na nikimpigia simu anasema yuko jikoni.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ameitisha kikao cha familia Jumapili hii, anataka mama anyang'anywe funguo na gari liuzwe, anasema mama haoni tena vizuri na safari ijayo atatuulia mjamzito wa watu, na amenipigia mimi akasema, "Shemeji, wewe ndiye mtu wa macho, wewe ukitamka kwamba mama haoni, hakuna wa kubisha." Mimi naona ana hoja. Ni kweli mwezi uliopita nilimpima mwenyewe na akasoma herufi zote mpaka mstari wa chini kabisa, lakini macho ya wazee huweza kubadilika, na mtu anayeona hawezi kutoka kwenye lami kavu akaingia mtaroni. Hata polisi walipomuuliza alisema aliona mwanga tu, hakuliona gari, na hana mtu wa kumtaja. Halafu amemtuma mke wangu aniambie kwamba ananisubiri niende mwenyewe nikamwone, na nadhani anataka miwani mpya.

Naomba unishauri, nimwambieje mama mkwe akabidhi funguo bila kuvunjiana heshima, na nimfanyeje mke wangu aache ukaidi arudi nyumbani, maana siwezi kuishi kwa kupewa masharti kwa sababu ya balbu.

Wako,
Fundi Miwani

*

Fundi Miwani,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Katikati nilisimama nikaenda kunywa maji, nikarudi nikitumaini nimesoma vibaya. Sikusoma vibaya.

Tuanze na hizo salamu zako. Hakuna aliyekusalimia. Hakuna hata mmoja, tangu ile Jumamosi. Mtu akikupigia taa jioni anakwambia punguza, unaniumiza macho. Wewe ukamjibu kwa fulu. Wale waliotoa mkono dirishani, baba, hawakuwa wanakupungia, na uliza mtu yeyote aliyekuwa nyuma yao atakwambia walikuwa wanasema nini. Mji mzima unakutukana kila jioni na wewe unawajibu kwa honi ya asante.

Hata mimi nisiyejua gari zaidi ya kuliendesha ninajua kwamba taa iliyotengenezewa balbu ya njano ukiichomekea LED bila kubadilisha kingine, mwanga hauendi chini barabarani unakotakiwa, unasambaa na kuingia machoni mwa watu. Kwa sababu hiyo yule jamaa wa kwenye video alikuwa anakupeleka ukutani. Ukamzima! Na wewe si muuza mkaa, si mshona viatu, wewe kutwa nzima unamkalisha mtu kwenye kiti, unamwekea vioo, unamuuliza hapa mwanga ukoje na hapa je, kisha ukitoka dukani unakwenda kuwapofusha wateja wako haohao. Na taa ya gari umeikaza kwa gundi. Jirani yako wa ghorofani nampa pole, na pesa za mapazia umrudishie.

Sasa sikiliza, maana hapa sitanii. Hakukuwa na dereva mwenye adabu. Kile kigari kilichokupigia taa mara mbili kwenye barabara nyembamba ya kiwanda cha mbao kilikuwa cheupe na kilikuwa cha mama mkwe wako. Alikuomba mara mbili upunguze mwanga. Ukamwashia fulu na bluu na kila kitu ulicho nacho, maneno yako mwenyewe hayo, akawa haoni lami wala ukingo wala mikono yake kwenye usukani, akaingia mtaroni. Na wewe ukampigia honi. Nimeandika ukurasa huu muda mrefu, nimesoma waume wa kila aina, wezi, waongo, wanaoficha watoto wa nje, lakini aliyemtumbukiza mkwewe mtaroni akamshukuru, ndio wewe wa kwanza.

Mkeo alielewa kabla hujamaliza kusimulia. Ndiyo maana alikuangalia vile. Wewe ulikuwa unamfariji.

Na huyo bibi unayetaka kumpokonya funguo anajua pia. Katika mji wenu magari mangapi yana miduara mbele na bluu chini ya bampa? Angekutaja kwa polisi pale pale kitandani hospitali, mkono ukiwa umefungwa, na angekuwa na haki. Akawaambia aliona mwanga tu. Hakudanganya, maana mtu aliyemulikwa vile haoni gari, lakini angeweza kusema mwanga wenyewe ni wa nani na hakusema. Akakutumia ujumbe uende mwenyewe. Amekuachia mlango wazi uingie kama mtu mzima na kusema ulichofanya, akalala na maumivu yake akisubiri. Wewe umedhani anataka miwani!

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Ungeenda Jumapili ukakaa mbele ya watu, na kwa heshima ya kazi yako ungetamka kwamba mwanamke aliyesoma mpaka mstari wa chini kabisa mbele yako mwezi uliopita ni kipofu. Shemeji yako angeuza gari. Wajawazito wa mtaa ule wangegonga mlango usiokuwa na gari nje. Na mama wa watu angeishi miaka iliyobaki akiitwa bibi asiyeona, kwa kosa la mkwe asiyetaka kuguswa balbu zake.

Unauliza ufanyeje. Leo hii, kabla ya kula, nenda mezani ukachukue zile balbu za njano. Mkeo alizihifadhi kwa sababu alijua kuna siku utazihitaji, na nakushauri usimwulize tena alizihifadhi za nini. Lipeleke gari gereji, usishike wewe hata bisibisi, mwambie fundi atoe LED, atoe miduara, abandue na huo ukanda, akwangue gundi yako, arudishe za zamani na azipime ukutani hadithi nzima mpaka mwisho. Siku za mbele ukitaka mwanga zaidi, zipo taa nzima zilizotengenezwa hivyo na mafundi wa kuzifunga. Wewe usifunge kitu.

Jumamosi, mchana kweupe, nenda kwa mama mkwe. Usipeleke miwani. Usipeleke maelezo ya macho ya wazee. Mwambie, "Mama, ni mimi," kisha nyamaza na umsikilize, hata akikusema mpaka jioni. Gereji ya gari lake na hospitali utazilipa wewe, hilo si la kujadili. Jumatatu utakwenda polisi kwa miguu yako uandikishe yaliyotokea, maana ukimya wake ni wema wake, si wako wa kujifichia.

Mkeo usimbembeleze. Hana ukaidi wowote. Alitaja sharti moja, tena dogo kuliko ambalo mimi ninayeandika hapa ningelitaja. Akiona gari limekuja na mwanga wa kibatari atajua mwenyewe la kufanya, na kama atachukua muda, utapika na kufagia mwenyewe ukisubiri.

Na Jumapili kikaoni, shemeji yako atakapokugeukia akuombe neno la mtu wa macho, simama ulitoe. Sema macho ya mama ni mazima, umeyapima wewe. Sema aliyemtia mtaroni ni wewe. Waache wakucheke na wakutukane, utakuwa unayapokea matusi kwa mara ya kwanza ukijua unaambiwa nini. Kisha toa funguo mfukoni, za gari lako, uziweke mezani mbele ya mama. Mpaka mkono wake upone, mjamzito akigonga mlango, mama atakuita, atakupa funguo hizo, na utaendesha wewe huku yeye amekaa kiti cha mbele. Gari likija mbele yenu likakupigia taa, muulize yeye maana yake ni nini.

Shangazi wa Gazeti